Nyuma ya Jiko la Mama

Kijijini walisema mimi Verediana nina dharau. Walisema kweli, ila sababu waliyoitaja siyo. Walidhani nawapita njiani bila salamu kwa sababu nawadharau. Niliwapita kwa sababu sikuwajua. Kuwadharau nilianza baadaye, nilipoona jinsi wanavyojivunia kujua nyuso za watu, eti nayo ni kazi ya kutolewa jasho.

Nieleze mara moja maana sipendi kurudia. Tangu nizaliwe, uso wa mtu haukai kichwani mwangu. Macho yangu hayana ugonjwa. Naona pua, naona mdomo, kovu nikilikuta naliona. Nikigeuka tu, uso wote umekwenda. Mama yangu mzazi nilimjua akiwa jikoni kwake; nikikutana naye gulioni, alikuwa mwanamke mmoja kati ya wanawake. Bibi alisema nimerogwa. Padri akasema ni kiburi. Baba, ambaye hakupenda maneno mengi, alisema, "Mwacheni. Huyu anajua mahali."

Na kweli nilipajua. Kilima chetu, kule juu nyuma ya Nyamiaga, nilikuwa nacho chote kichwani na mpaka leo ninacho: kila jiwe la njiani, kila mgomba, pale udongo mwekundu unapoisha na changarawe kuanza. Na kila mtu alikuwa na mahali pake. Aliyeketi chini ya mvumu akichonga mpini ni baba. Aliyetokea kwenye kona ya ua wa minyaa akipiga mluzi ni jirani yetu Laurian. Aliyechungulia nyuma ya jiko la mama akivizia kiazi cha kuchoma ni mdogo wangu Theonest. Mahali ndipo paliponipa mtu. Sasa hivi nikifumba macho siwezi kukwambia baba alikuwa na sura gani, lakini nitakwambia kivuli cha ule mvumu kilifika wapi saa nane mchana. Hao mabingwa wa nyuso wangeweza? Thubutu!

Theonest aliondoka mwaka 1966, ana miaka kumi na minne, akifuatana na wanaume waliokwenda Buganda kuchuma kahawa. Sauti yake ilikuwa bado ya kitoto. Alisema atakaa misimu miwili. Wazazi wakafa wakimngoja. Mimi nikaolewa na Novatus, na kwa kuwa shamba la baba lilibaki bila mtu, tukaenda kukaa pale pale, watu wakamcheka Novatus kwamba ameolewa yeye. Novatus akawaacha wacheke, akapalilia kahawa.

Ikaja 1974 na ile Operesheni ya vijiji. Tulikwisha tangaziwa, lakini nani aliamini kwamba mtu atahamishwa kutoka kwenye migomba yake? Wiki ile Novatus alikuwa amefukia ndizi za pombe. Kwetu ndizi za pombe huivishwa ndani ya shimo: chini majani makavu yaliyowashwa moto, kisha ndizi, juu miti na majani mabichi, halafu udongo. Shimo letu alilichimba baba, tena mahali pabaya, katikati kabisa ya mlango wa uani na jiko. Theonest alitumbukia humo akiwa na miaka sita, moto wa kuivishia ukamuunguza goti. Tangu siku hiyo hakupita katikati. Hata shimo likiwa limefunikwa na watu wanapita juu yake, yeye alizunguka kushoto, mkono ukishika nguzo za ua moja baada ya nyingine mpaka jikoni. Tulimcheka sana.

Lori lilifika ndizi zikiwa na siku mbili shimoni. Wakatupakia na vyungu na mbuzi, wakachoma paa ili tusirudi, ua wa nyuma nao ukashika moto. Ndizi zikabaki kule chini. Niliwaza juu yake njia nzima, maana kuwaza mengine kuliniuma zaidi.

Kijiji kipya walikichora chini kando ya barabara. Sijui nani alikaa ofisini akafikiri kwamba binadamu anataka kuishi kwenye mstari. Nyumba zote ukubwa mmoja, mlango mmoja, dirisha moja, zinatazama upande mmoja, hatua thelathini kutoka moja hadi nyingine. Watu wa vilima vitano wakachanganywa humo, na wa kilima chetu wakagawanywa vijiji vitatu tofauti. Wenzangu walililia migomba. Mimi nilipotelewa na watu wote siku moja. Hakuna aliyekuwa mahali pake, basi hakuna aliyekuwa mtu.

Nyumba yangu niliijua kwa jiwe lililochomoza karibu na mlango. Nikamshukuru Mungu kwa lile jiwe. Mwenyekiti akaamuru ling'olewe, kwa sababu wageni wa mkoa walikuwa wanakuja na jiwe linaharibu mstari. Mwenyekiti huyo, Gervasi, alichaguliwa kwa sababu ya viatu. Sababu nyingine sikuwahi kuisikia. Siku ya mkutano yeye peke yake alivaa viatu vya ngozi, watu wakaona huyo ndiye anafanana na serikali. Basi jioni ile nikarudi na kuni, nikaingia ndani, nikamkuta mwanamume amelala, nikamshushia matusi: mbuzi wako shambani na wewe umelala, wewe ni mwanamume wa namna gani! Akainuka mume wa Scholastika, jirani wa nyumba ya tatu, ananitazama mdomo wazi.

Kijiji kizima kilicheka mwezi mzima. Na hapo wakabuni mchezo wao. Mtu ananisimamia mbele ya njia, anachekelea, anasema, "Unanijua mimi?" Basi hapo nihangaike, nitafute sauti, kovu, kiraka cha shati, na wenzake pembeni wanashika mbavu. Hata Gervasi, mtu mzima na viatu vyake, alinifanyia hivyo bombani mbele ya wanawake. Nikamwambia, "Sikujui, wala sioni nilichopungukiwa." Akasema nimetukana uongozi wa kijiji. Nikalimishwa shamba la kijiji siku tatu. Loo, watu wazima hao! Nililima nikiwatukana kimoyomoyo, mmoja mmoja, ingawa sikujua yupi ni yupi.

Mwaka 1978, mwezi wa kumi, redio ikatangaza kwamba askari wa nduli wa Uganda wameingia Kagera. Novatus alikuwa mgambo, akachukuliwa wiki ya pili. Walipopanga mstari barabarani kupanda lori, sikujua nimpungie yupi, nikawapungia wote. Gervasi naye akaipokea vita ile kwa furaha, Mungu anisamehe lakini nasema nilichokiona. Akaweka kizuizi cha mti barabarani. Akatangaza kwamba wapelelezi wamejaa kila mahali, na kwamba mtu yeyote asiyejulikana akamatwe.

Siku ile nilikuwa natoka bombani na ndoo kichwani, jua kali, shingo inauma. Mwanamume akanisimamia mbele. Alikuwa mwembamba, ana ndevu, ana mfuko begani. Anacheka, macho yana maji. Hakusema jina lake, wala langu. Alifungua mikono, akasema kwa sauti nzito, "Shikamoo. Unanijua mimi?"

Damu ikanipanda. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kizuizini, "Sikujui na sitaki kukujua! Nipishe njia, mjinga wewe!"

Nikampita. Nyuma yangu nikasikia mgambo wanakimbia, wanauliza, "Humjui, mama?" Nikajibu bila kugeuka kwamba simjui. Nilidhani ni mchezo wao ule ule. Nilifika nyumbani, nikamwaga maji kwenye mtungi, nikaridhika kabisa kwamba leo nimemkomesha mmoja.

Asubuhi nikaitwa ofisini. Watu wamejaa. Katikati amekalishwa chini mtu, mikono imefungwa nyuma, uso umevimba upande wote, damu imekaukia kwenye ndevu. Hata wanaojua nyuso wasingemjua asubuhi ile. Gervasi amesimama juu yake.

"Huyu anasema ni Theonest, mdogo wako," Gervasi akasema. "Ametaja jina la baba yako na la kilima chenu. Hayo ndiyo wanayofundishwa. Anatoka Uganda, hana karatasi, Kihangaza chake kimejaa Kiganda. Na jana wewe mwenyewe, mbele ya mgambo wangu, ulisema humjui. Sema tena watu wasikie, saa kumi gari linapita kumchukua."

Kila mtu alijua gari lile linawapeleka wapi wapelelezi na kwamba hawarudi.

Nilimtazama yule mtu, nikatazama tena, na sikupata kitu. Kitu gani kingine ningepata? Ni uso. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku yoyote ya maisha yangu. Nikisema ndiye na kumbe siye, namkaribisha adui ndani na mume wangu yuko vitani. Nikisema siye na kumbe ndiye, basi nimemuua mtoto wa mama yangu kwa mdomo wangu, na nusu nilikwisha muua jana. Nikatafuta mtu wa kilima chetu mle ndani anisaidie, ingawa nani angemjua mtoto wa miaka kumi na minne ndani ya ndevu zile? Kila aliyeulizwa alitazama chini. Hodari wote wa nyuso, kimya! Miaka minne wananicheka, na siku nyuso zinatakiwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa nazo.

"Mpelekeni kilimani kwetu," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Mimi simjui mtu hapa. Hata wewe hapa sikujui, najua viatu tu. Mpelekeni kwa baba yangu, nitawaambia."

Gervasi akacheka, na watu wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Aliyetukatiza ni Ndassa, kamanda wa mgambo wa kijiji, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Huyo nilimjua siku zote kwa sababu aliinama kwenye kila mlango. Akauliza, "Ni mwendo wa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Sasa ni saa tatu asubuhi. Mtu akishachukuliwa hatutamrudisha kuuliza upya, Mwenyekiti. Twendeni."

Tukapanda, Ndassa na mgambo wawili, mfungwa, mimi, na Gervasi aliyekuja kwa sababu hakutaka jambo litokee bila yeye kuwepo. Njiani yule mtu alitema damu mara mbili. Nilitembea nyuma yake nikitazama mgongo wake, nikimwomba mgongo uniambie, nao haukuniambia neno.

Juu kule nyasi zilikuwa zimemfika mtu kifuani. Kuta zilikwisha kuanguka, mvua imezilainisha, minyaa imekuwa msitu, migomba imesongwa na magugu. Nilifika nikapumua. Wenzangu walisimama wakitazama huku na huku, wote wenye macho mazuri, hawaoni kitu.

"Nyumba iko wapi?" Gervasi akauliza. "Hapa hakuna nyumba."

"Uko chumbani kwa mama yangu, Mwenyekiti," nikamwambia. "Na viatu vyako."

Akaruka pembeni kabla hajajizuia. Ndassa akageuza uso, nadhani alicheka.

Nikatafuta kizingiti cha mlango wa uani kwa kidole cha mguu, nikakipata pale pale. Nikamvuta Ndassa kando, nikamnong'oneza sikioni ili mtu mwingine asisikie: kutoka hapa mpaka jikoni ni njia iliyonyooka, hatua kumi, na machoni hakuna cha kumzuia mtu. Yeyote mwingine atanyoosha. Theonest hatanyoosha. Atazunguka kushoto. Akinyoosha, mwiteni kabla ya hatua ya nne, mfungeni tena, na mimi sitasema neno.

Nikarudi kwa yule mtu. Ndassa akamfungua mikono, akamweka juu ya kizingiti, mgambo mmoja na bunduki nyuma yake. Nikamwambia kwa Kihangaza, "Jiwe la kusagia la mama liko jikoni. Niletee."

Akasimama. Alikaa hivyo muda, mikono imening'inia, mpaka Gervasi akaanza kuguna. Nilisema moyoni, Theonest, kama ni wewe, usifikiri, tembea tu.

Akatembea. Hatua moja, ya pili, kisha akazungukia kushoto ndani ya nyasi, na mkono wake wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, ukashika hewa, ukaachia, ukashika tena mbele kidogo. Alikuwa anashika nguzo za ua. Ua ule ulikuwa umeungua miaka minne iliyopita, na yeye alizishika zote, moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake. Akapotelea kwenye magugu, akatokeza kichwa kule nyuma ya jiko, pale alipokuwa akivizia viazi.

Nikamwona. Yesu na Maria, nikamwona mdogo wangu! Alikuwa na miaka sita na kumi na minne na ishirini na sita kwa pamoja. Nikapiga kelele, "Ndiye! Ndiye!" na kilio kikanitoka ambacho sikumlilia hata baba.

Ndassa akasema kwa sauti, "Mama huyu aliniambia kabla. Amezunguka kushoto kama alivyosema."

"Upuuzi mtupu!" Gervasi akafoka. "Mtu akizunguka nyasi ndiyo amekuwa raia? Naona anatoroka!" Akamsukuma mgambo, akachapa mwendo moja kwa moja kuelekea jikoni, amenyoosha kama mistari yake. Nilikuwa na nafasi ya kumwita. Nasema ukweli, nafasi ilikuwepo.

Hatua ya tano miti iliyooza ikakatika, na Mwenyekiti wa kijiji akazama mpaka kwapani ndani ya ndizi za Novatus za mwaka 1974. Zilikwisha kuwa tope jeusi. Alilia jina la mama yake. Walipomvuta, kiatu kimoja kilibaki, na mguu uliokuwa ndani yake ulikuwa umevunjika kifundo.

Ndassa akaandika jina la Theonest kwenye daftari lake kuwa ni mkazi wa kijiji. Gari la saa kumi lilipita bila yeye. Gervasi alibebwa mpaka kijijini juu ya machela ya miti, analalamika njia nzima, na kwa kuwa ni mzito mgambo walimpumzisha mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mimi na Theonest tulibaki nyuma kidogo, tumekaa pale jikoni. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia jana nilidhani ni wale wapumbavu wa kijijini na mchezo wao. Alikuwa amepoteza meno mawili kwa sentensi yangu moja, na hayo hayakurudi.

Kisha akasema, "Nilifika hapa kwanza, dada. Jana asubuhi. Nikakuta nyasi, nikadhani mmekufa wote. Mchunga ng'ombe mmoja akaniambia mko chini barabarani, nikashuka mbio. Nilikuona na ndoo, furaha ikanipa uchizi. Nilisahau ulivyo. Ningekaa hapa hapa nikungojee, ungenijua."

Nikamshika mkono, tukashuka.

Gervasi alipona akabaki anachechemea. Kwa hiyo nikaanza kumjua. Naam, ukimwacha Ndassa, mtu wa kwanza niliyemtambua kijijini toka mbali bila kukosea alikuwa yeye: "Shikamoo, Mwenyekiti Gervasi!" Watu walishangaa. Yeye mwenyewe aliwaambia kwamba Verediana sasa ameshika adabu, kwamba uongozi imara hufundisha. Niliitikia kwa kichwa. Maskini, hata dharau ukimpa mkononi haijui.

Theonest alijenga kwenye mstari, nyumba ya saba, na mlango uliofanana na milango yote. Kesho yake nilikwenda bombani na ndoo. Wanaume kadhaa walikuwa wamesimama kando ya njia wakizungumza vita, nikawapita wote. Nilikuwa nimekwisha fika mbali nilipomsikia mmoja anakuja nyuma yangu mbio. Hakunisimamia mbele. Hakuniuliza kama namjua. Alitembea kushoto kwangu, akapokea ndoo, akasema polepole ili wenzake wasisikie:

"Mimi hapa, dada. Wa nyuma ya jiko."

Alisema hivyo kila tulipokutana, kila siku, mpaka Novatus aliporudi, mpaka tulipopanda tena kilimani kwetu bila kumwomba mtu ruhusa na kule hakuhitaji tena kusema.